Mfuko wa Kalamu Uliorudishwa

Kengele ya asubuhi ilipolia bwenini, Kidoti ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia miguu sakafuni. Alitandika kitanda, akakunja chandarua, kisha akamtikisa mwenzake wa chumbani.

"Wewe Cheko, amka! Leo ni zamu yetu ya kufagia ukumbi."

"Nimeamka zamani," Cheko alijibu kutoka ndani ya shuka. "Ni macho tu yaliyobaki."

Ndivyo siku zao zilivyoanza kwa miaka miwili. Kidoti alipewa jina hilo kwa ajili ya alama ndogo nyeusi shavuni mwake, na Cheko kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kucheka. Walichangia sabuni, walichangia ndoo, na kila shule ilipofungwa walipeana zawadi ndogo kabla ya kwenda likizo.

Muhula huu, hata hivyo, mambo yaliharibika. Siku ya wazazi, mama yake Kidoti alikuja kumtazama. Alikuwa fundi cherehani, mpole, mwenye kigugumizi tangu utotoni. Aliwasalimu wasichana wote, akawauliza hali zao bila kuharakisha, hata pale neno lilipomkwama.

Kesho yake jioni Kidoti alikwenda kuanua nguo. Nyuma ya mashuka yaliyoanikwa akasikia mtu akisema, "Mwa-mwa-mwanangu, u-u-umekula?" Ilikuwa sauti ya Cheko. Wasichana watatu walikuwa wameshika mbavu kwa kucheka.

Kidoti alisimama pale pale, nguo mikononi. Alitaka kujitokeza na kusema kitu, lakini hakuthubutu. Akarudi chumbani kimya kimya, akalala akiwa ameupa ukuta uso.

Tangu siku hiyo hakumwamsha Cheko tena. Akiulizwa jambo, alijibu "ndiyo" au "hapana", basi. Cheko alijaribu mzaha huu na ule, akachoka, akabaki kumtazama tu. Wiki iliyofuata Kidoti alimwendea mlezi wa bweni, akaomba kuhamishiwa chumba kingine. Mlezi akaandika jina lake kwenye daftari.

"Mwenzako anajua?" aliuliza.

"Atajua tukirudi," Kidoti alijibu, akiangalia chini.

Siku ya kufunga shule ikafika. Korido ilijaa masanduku, na kila mtu alikuwa akimwita mwenzake. Cheko alimfuata Kidoti mlangoni, mikono ikiwa nyuma. Kisha akamnyooshea mfuko mdogo wa kalamu, ulioshonwa kwa kitambaa cha sketi yake ya zamani.

"Nimekushonea mwenyewe," alisema. "Usiutazame sana mshono, umekwenda kama nyoka. Sindano imenichoma mpaka kidole kimekoma kuuma."

Kidoti hakucheka. Aliona kwamba akiupokea mfuko ule, Cheko atadhani yote yamekwisha. Hasira aliyoifungia siku zote hizo ikampanda. Akauchukua mfuko, akautupa juu ya sanduku la Cheko, mbele ya wasichana wote.

"Zawadi zako wapelekee wanaokuchekea!"

"Nimekukosea nini?" Cheko aliuliza kwa sauti ndogo. Kidoti akabeba begi lake, akatoka.

Alidhani moyo utatulia. Badala yake, alipofika chini ya ngazi za nyuma, machozi yalikuwa karibu. Alikaa juu ya begi akimsubiri mama yake.

Mama alipokuja, hakuwa peke yake. Alikuwa ameingilia mlango wa mbele, akamkuta Cheko akilia, korido nzima ikimtazama, na wasichana wakamweleza yaliyotokea. Sasa Cheko alisimama nyuma yake, macho mekundu, na mama alikuwa ameushika ule mfuko. Aliugeuza, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Mtu amejitahidi hapa," alisema. "Kwa nini u-u-umemtupia?"

Kidoti aliona aibu kusema. Lakini mama alisubiri, kama alivyozoea wengine wamsubiri yeye.

"Alikuwa anakuiga, mama. Unavyozungumza. Wenzake wakacheka."

Cheko akafunika uso kwa viganja. Kidoti aliona macho ya mama yake yakififia, na jambo hilo likamuuma kuliko siku ile ya mashuka.

"Ulimwambia kwamba u-u-umesikia?"

"Hapana."

"Mwanangu, mimi neno linanikwama, lakini nalisema mpaka litoke. We-wewe ulimi wako mzima, ukaona mfuko ndio ukusemee?"

Cheko akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilitaka tu wacheke. Sikufikiri."

"Nimesikia. I-inuka, mwanangu, utachafua sketi."

Kidoti akamgeukia Cheko. "Uliniumiza sana. Nimeomba kuhama chumba. Muhula ujao hatutakaa pamoja."

"Hata nikikuahidi sitarudia?"

"Hata ukiniahidi. Sina kinyongo cha kulipiza, lakini siwezi tena kukuambia mambo yangu." Kisha akaupokea mfuko kutoka kwa mama yake, kwa mikono miwili. "Asante kwa kunishonea. Nisamehe kwa kukuaibisha mbele ya watu. Mimi sikukuandalia kitu, na sitaki kukudanganya."

Cheko alitikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimaliza mazungumzo bila kucheka. Akapanda ngazi kwenda kuchukua sanduku lake.

Njiani Kidoti alilia, na mama hakumnyamazisha. Walipokaribia nyumbani, akamuuliza, "Mama, nimekosea kumwacha?"

"Hapana. Ku-kuachana na mtu si kosa, hata mimi nimewahi kuachana na watu." Mama alimshika mkono. "Ila zawadi hupokewa kwa shukrani, na maudhi husemwa kwa kinywa, mkiwa wawili. Ukimwacha mtu, mwache akijua sababu. Usimwache akijiuliza likizo nzima. Inauma kusema, najua. Le-leo umesema."