Ukoko wa Sijali

Kila mpunga ulipoanza kukomaa, Romana aliamka mapema, akachukua kombeo lake na kwenda shambani kuamia ndege. Nyumbani kwao Usevya jambo hili lilijulikana: anayeamia ndege ndiye anayekula ukoko wa wali. Mama aliukwangua chini ya sufuria akampa yeye peke yake, wadogo zake wakabaki kumeza mate.

Mwaka huo akaja Theopista, mtoto wa shangazi yake wa Sibwesa, kuishi nao na kusoma. Alikuja na mbwa wake, Sijali. Mbwa yule, jamani, alijua kazi! Akikatiza mara moja tu kwenye majaruba ya mpunga, kweleakwelea wote wanapaa. Baba yake Romana, mzee Kalisti, akawa hana wimbo mwingine ila Theopista na mbwa wake. Ukoko ukaanza kugawanywa. Siku moja mama aliukwangua wote akamtupia Sijali. Romana aliona wivu mno. Yaani hata mbwa?

Haukupita muda Theopista akashikwa na malaria. Alimwomba Romana aende na Sijali shambani, asisahau kumpa maji. Romana akaitikia vizuri tu. Kumbe alimpeleka kwenye kibanda cha mwaka jana, kule vichakani, akamfunga nguzoni kwa kamba fupi ya katani bila kumwachia hata tone la maji. Jioni alisema mbwa amekimbiza ngedere porini na hakurudi. Alitaka Theopista naye aonje kukosa.

Theopista aligeukia ukutani. Asubuhi alikataa uji, akakataa na dawa, akasema mpaka Sijali arudi ndipo atakula. Homa ilikuwa inapanda na mama alihangaika. Romana alingoja furaha, lakini haikuja.

Siku hiyo bwana mifugo, Makarius, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Baba alimweleza kwamba mbwa wao amepotelea porini. Bwana Makarius akakunja uso. Alisema mbwa asiyechanjwa akizurura porini ni hatari, itabidi watu waambiwe wamuue wakimwona. Romana aliposikia hivyo, akamsogelea baba yake.

"Baba, hajapotea," alisema. "Nimemfunga mimi."

Walimkuta Sijali kibandani amelala, ulimi nje, shingo imechubuliwa na kamba. Alipomwona Romana alijivuta nyuma mpaka kamba ikakaza. Hapo Romana akalia. Bwana Makarius alimnywesha maji kidogo kidogo, akamsafisha kidonda, kisha akamgeukia baba.

"Mzee Kalisti, kumtesa mnyama hivi ni kosa kisheria. Wewe ndiye mwenye mji, ningeweza kukupeleka mahakamani."

Baba aliinamisha kichwa. Romana hakuwahi kumwona baba yake ameinama hivyo mbele ya mtu. Akapiga magoti akasema kosa ni lake, si la baba. Bwana Makarius akakubali kuonya tu safari hii, ila akaahidi kurudi kukagua kidonda.

Baba alimbeba Sijali mabegani. Njiani akauliza, "Ulimwonea wivu nani?"

"Theopista, baba."

"Na ukamfunga nani?"

Romana alimtazama Sijali mabegani mwa baba.

"Wivu kila mtu anao, mwanangu, hata mimi," baba alisema. "Lakini mnyama hawezi kwenda kumshtaki mtu, ndiyo maana sheria inamsemea. Ukiwa na neno na mwenzako, mwambie mwenyewe. Anayekutegemea kwa maji, mpe maji."

Romana alimweleza Theopista yote. Theopista alimgeuzia mgongo, ila alimkumbatia mbwa wake, akameza dawa na kunywa uji. Tangu hapo Romana alimwosha Sijali kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi, na mbwa alitetemeka kila alipoguswa.

Mchele mpya ulipopikwa, shingo ya Sijali ilikuwa imepona. Mama alikwangua ukoko akampa Romana. Alikuwa na hamu nao kweli. Akachuchumaa, akauweka wote kiganjani na kumwita Sijali. Mbwa alimtazama kwanza Theopista, akasita, kisha akaja taratibu akaulia mkononi mwa Romana.