Mitupo Huru ya Mwanarusi

Kila siku baada ya sala ya alasiri, sisi wasichana wa timu ya mpira wa kikapu tulifagia uwanja wa shule yetu hapo Msambweni, kisha tukajipanga kufanya mazoezi ya mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa vibaya arushe bila kuzuiwa. Mwanarusi, senta wetu, hakujipanga. Alikaa pembeni akifunga na kufungua kamba za raba zake.

"Mimi hufunga nikiwa chini ya kikapu," alisema. "Mitupo huru ni kazi ya wafupi."

Kusema kweli, alituchosha. Lakini tungefanya nini? Alikuwa mrefu kuliko walimu wote, na mwaka ule wa 1967 hakuna timu iliyoweza kumzuia. Mwalimu Randu, aliyetufundisha mchezo, alimwonya mpaka sauti ikamkauka.

Fainali ya wilaya tulicheza na timu kutoka Kinango. Kipindi cha kwanza Mwanarusi alifunga apendavyo. Kipindi cha pili wapinzani waliijua dawa yake. Kila aliposhika mpira walimvuta mkono makusudi, kwa kupokezana. Refa akipuliza filimbi, Mwanarusi alipewa mitupo miwili. Alirusha kumi na miwili, ukaingia mmoja. Tukashindwa kwa alama mbili.

"Esha, usiniseme," aliniambia ndani ya lori tulipokuwa tukirudi.

"Nitakusema. Mwaka mzima tumekusihi."

Aliinama. "Sijui kurusha. Watu wote husema mimi ni hodari. Nikikosa mbele yenu, mtanicheka."

Hasira na huruma zilinijia pamoja. "Na leo je? Umekosa mbele ya wilaya nzima."

Siku ya pili alijipanga pamoja nasi. Alikosa mara tisa mfululizo. Wanafunzi wa madarasa ya chini walicheka, naye akauokota mpira akarusha tena. Akaendelea hivyo miezi kumi na mmoja.

Mwaka uliofuata tulikutana fainali na timu ile ile. Wakamvuta mkono kama kawaida yao. Alipoingiza mitupo saba kati ya kumi, waliacha wenyewe, nasi tukashinda.

Mwalimu Randu hakutabasamu. "Mwanarusi, urefu ulipewa na Mwenyezi Mungu, hukuutolea jasho," alisema. "Mitupo ile saba umeitafuta mwenyewe. Anayeogopa kuonekana akikosea hajifunzi kitu. Laiti ungalinisikia mwaka jana, makombe mawili yangalikuwa kabatini."

Mwanarusi akajibu taratibu, "Ni kweli, mwalimu. Niwie radhi."