Vidonge vya Dada

Kila asubuhi Kifungo alifagia sebule huku mama yake, fundi cherehani, akimwandalia dada mtu chai, yai na kidonge. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati. Siku hizi alijiona kifungo kilichodondoka, wala hakuna anayekitafuta.

Tangu vipimo vya damu vionyeshe kuwa tezi ya shingoni mwa dada haifanyi kazi sawasawa, nyumba nzima ilimzunguka yeye. "Umelala vizuri, mwanangu?" "Kifungo, mpishe dadako akae." Kuosha vyombo nako kukawa kazi ya Kifungo peke yake.

"Hicho kidonge kina nini hasa?" aliuliza siku moja.

"Seleniamu," dada alijibu kwa maringo kidogo. "Ni madini ya kuisaidia tezi yangu. Wewe huyahitaji."

Wewe huyahitaji! Wivu ulimjaa. Mama alipotoka kupeleka nguo za mteja, naye dada amejilaza chumbani, Kifungo alifungua kichupa, akabugia vidonge kiganja kizima.

Baadaye tumbo lilimsokota, akatapika mfululizo. Pumzi yake ilinuka kama kitunguu saumu. Dada alimshika mgongo hadi mama aliporudi na kuwakimbiza hospitalini.

"Umekula nini?" daktari aliuliza. "Ukinificha, nitabaki kubahatisha."

Kifungo alimtazama mama, machozi yakamlengalenga. "Vidonge vya dada. Nilitaka na mimi niulizwe nimelalaje."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilikuona mzima, mwanangu, nikadhani huna shida."

"Na mimi nilikuwa nakuonea wivu," dada alisema taratibu. "Wewe unakimbia siku nzima. Mimi ngazi tu zinanitoa jasho."

Kifungo hakuwahi kulifikiria hilo hata mara moja. Akamshika dada mkono.

Alitibiwa, akalazwa chini ya uangalizi mpaka hali ikatulia. Kabla hawajaondoka, daktari alivuta kiti karibu naye.

"Tezi hutumia seleniamu kutengeneza homoni zake na kuzifanya zifanye kazi, lakini mwili unahitaji kiasi kidogo sana. Wengi wetu tunakipata kwenye mayai, samaki na nafaka. Ikizidi, inageuka sumu. Dada yako nilimpima kwanza, nikakuta amepungukiwa nayo, ndipo nikampa. Kwa hiyo usiguse kamwe dawa ya mwenzako. Na ukijiona umesahaulika nyumbani, sema. Kwa wivu, mimi sina kidonge."