Shahidi wa Boila

Jumamosi za msimu wa kusaga miwa, kazi yangu ilikuwa kumpelekea baba chakula kiwandani. Mama alipanga roti na mchuzi wa viazi kwenye kopo, nami nikafuata reli ya miwa mpaka nyuma ya jengo la boila. Hata leo, nikisikia harufu ya molasi ya moto, miguu yangu huyakumbuka mataruma yale ya reli.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, Ramsamujh, alikuwa akisafisha boila ya pili kwa ndani, huku ya kwanza ikiendelea kuchemka. Zote mbili ziliunganishwa na bomba moja kuu la mvuke. Kwa hiyo sheria ilidai vali mbili zifungwe kati ya mvuke na watu, na katikati yake bomba dogo liachwe wazi. Bomba hilo lilitokeza nje ukutani, juu ya benchi ambapo sisi watoto tulikaa tukiwangoja baba zetu. Wafanyakazi waliliita Shahidi. Sisi watoto tulijua jina tu; maana yake hatukuijua.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni la manjano ambalo mama alinikataza kulivaa kabla ya Diwali, sikukuu yetu ya taa. Losena, binti wa fundi mkuu Ilaitia, alikuwa kando yangu akitafuna muwa. Ghafla matone ya moto yenye kutu yakanidondokea begani.

Losena alicheka. "Shahidi amechoka na maringo yako, shoga. Amekutemea."

Kwa hasira nilimnyang'anya kipande cha muwa, nikakisukuma ndani ya bomba mpaka kikazama. Matone yakakoma.

Baba alikuja akala, akasema gauni langu litaitia Diwali wivu, kisha akarudi ndani. Fundi Ilaitia akapita, akaweka nyuma ya kiganja chake chini ya Shahidi, akaandika kwa chaki: kavu. Nilimuuliza kwa nini hufanya hivyo kila mara.

"Vali ya kwanza ikivuja, huyu hutema maji," alinijibu taratibu. "Akiwa kavu, baba yako anaweza kuingia."

Kupitia mlango niliona baba akipanda ngazi. Nilifikiria mama, gauni, na kazi ya baba. Akaingiza mguu mmoja kwenye tundu la boila.

"Mjomba, si kavu," nikasema. "Nimemziba mimi, kwa muwa."

Fundi alipaza sauti mara moja, na baba akautoa mguu. Kisha fundi akachokoa bomba kwa waya mrefu, akiwa amesimama pembeni. Muwa uliruka mpaka ng'ambo ya reli, na mvuke ukafuata ukipiga mluzi. Kazi ilisimamishwa mpaka vali ile ilipotengenezwa.

Nilingoja kofi. Fundi aliuokota muwa, ukiwa umeiva na kulegea, akanipa mkononi.

"Vali ni chuma, binti yangu. Hata zikiwa mbili zinaweza kutuhadaa, ndiyo maana tunamwacha mmoja aseme. Leo ulimziba mdomo, halafu ukasema badala yake. Umefanya vyema kusema. Lakini usimzibe tena anayesema kweli, hata akikuchafulia nguo."

Madoa yale hayakutoka. Siku ya Diwali nililivaa gauni hivyo hivyo, nikawasha taa nikiwa nimeshikana mkono na baba.