Kiraka Kabla ya Jua

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja, taratibu, kama anayekitua hataki kumwamsha mtu.

Naisenya alikuwa macho. Bastola yake, Browning, ilikuwa chini ya mto. Kitanda kilikuwa cha Bibi Nanyori. Mwenyewe alilala mkekani ili mgeni apumzike. Sasa alikuwa jikoni, akimchemshia chai mwanawe Lemayian, mlinzi wa kampuni ya intaneti pale Korogwe.

Nokia ikatetemeka.

"Swala, kisima kimetiwa sumu," ilisema sauti kutoka Dar es Salaam, ikimwita kwa jina lake la kazini. "Kiraka kiingie kabla ya jua."

"Sadala?"

"Simu kaizima, anaogopa kufuatiliwa. Akiamka tu atatutumia barua pepe, ataje alipojificha."

Ikakatika.

Sadala ndiye shahidi aliyewataja wasafirisha silaha. Alikuwa mahali fulani Mazingara, na kompyuta yake ilipata intaneti kwa kampuni hiyohiyo. Seva ya majina ndiyo huielekeza kila barua nyumba ya kwenda. Ya Korogwe ilikuwa na ufa usiozibwa, na wasafirishaji walikuwa wamepenyea hapo. Barua ya Sadala ingefika kwao.

Angekufa kabla ya uji.

"Unatoka bila chai, mwanangu?" Bibi aliuliza. "Basi ngoja tuongozane, nampelekea Lemayian yake."

Kwenye geti la kampuni alisimama kijana mwenye shuka nyekundu na sime kiunoni.

"Lemayian anaumwa, nimempokea zamu. Shikamoo, bibi." Akanyoosha mkono.

"Marahaba." Bibi aliupokea. Akammiminia chai, kikombe pomoni, akampa. Kijana ilibidi akishike kwa mikono miwili.

Kisha Bibi akamwambia Naisenya kwa Kimasai, kwa upole, kama anayeuliza habari za ng'ombe:

"Hakuniinamishia kichwa nimguse. Huyu hakulelewa kwetu."

Naisenya alipiga mara moja. Kitako cha bastola, nyuma ya sikio.

Kijana akalala chini.

Lemayian alikuwa nyuma ya jenereta, amefungwa kamba, mdomo umezibwa kwa kitambaa. Bibi akabaki kumfungua. Naisenya akakimbilia ndani, akachomeka flashi yenye kiraka kwenye seva. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Polepole mno.

Nje jenereta ikakohoa. Taa zikafifia.

"Lemayian! Mafuta!"

"Wameyamwaga yote, dada!"

Jogoo akawika. Dirisha lilikuwa linapauka. Naisenya alishika meza kwa mikono yote miwili, kana kwamba angeweza kuusukuma ule mstari.

"Subiri, Sadala," alinong'ona. "Lala kidogo tu, kaka yangu."

Lemayian aliiona pikipiki ya yule kijana kichakani. Viganja vimevimba, akatia mpira kwenye tangi, akavuta petroli kwa mdomo, akatema, akaijaza jenereta ikiwa bado inatetemeka.

Taa zikarudi.

Mstari ukafika mwisho. Seva ikazimika, ikawaka upya.

Naisenya akachomoa flashi.

Nokia ikatetemeka.

"Barua ya Sadala imeingia. Kwetu."

"Sawa," alisema Naisenya.

Alipotoka, yule kijana alikuwa amefungwa mikono. Chini ya kichwa chake Bibi alikuwa amekunja kanga, asilalie kokoto.

"Wenzangu watamchukua," alisema Naisenya. Akafunga zipu ya jaketi, akainamisha kichwa. Bibi akakigusa.

Alikuwa amekwisha kuivuka barabara aliposikia sauti nyuma yake.

"Mwanangu, utakuja tena lini? Chai yangu hujaionja."