Jiwe la Mtego

Asubuhi ya Jumapili, siku ambayo Muscat nzima hukumbuka kazi kwa pamoja, ofisi ya vifurushi ya Khuwair ya Kusini ilijaa mpaka mlangoni. Nouf alipokea boksi lake kutoka Mexico, akapiga hatua nne tu, boksi likapasuka chini. Mawe meusi yakamwagika katikati ya viatu vya watu.

Aliinama na abaya yake ya kijani iliyotariziwa uzi wa fedha, uso umemwiva kwa aibu. Kijana mrefu mwenye kanzu nyeupe iliyonyooka kwa pasi, ananukia udi, akaokota jiwe moja. Badala ya kumpa mwenyewe, alitoa funguo zake mfukoni. Kisumaku kilichoning'inia pale kikanasa kwenye jiwe, ta!

"Mashaallah! Hili lina chuma khasa."

"Mawe ya watu hayo, kaka."

"Nayajua, dada. Kazi yangu kuyapima. Mie Sinan, wa maabara ya madini pale Ansab."

Nouf akacheka bila kutaka. "Basi nilikuwa nakuletea wewe."

"Khabari ndo hiyo! Boksi limechoka kungoja, limekuja lenyewe."

Nouf alikuwa mtaalamu wa miamba katika kampuni ya uwekezaji hapo hapo Khuwair. Kampuni ilikuwa ikiamua kama itie mtaji kwenye mgodi wa chuma katika milima ya Mexico, na kazi hiyo, ya kwanza kubwa maishani mwake, alikabidhiwa yeye. Alikwenda huko mara moja, akarudi ameupenda. Aliusifia mlima ule mweusi, barabara inayoteremka mpaka bandarini, wachimbaji wanaolijua jiwe kwa kulishika tu, na wanakijiji wenye ardhi waliosoma mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia saini. Ukimsikiliza dakika tano ungetaka kupanda ndege.

Lakini sifa hazitoshi, lazima kupima. Katika kila boksi alilopeleka maabara, Nouf alichanganya jiwe moja ambalo kiasi chake cha chuma alikijua tayari, akalipa namba kama mengine. Mpimaji anajua limo, hajui ni lipi. Akilikosea, majibu yote yanatupwa. Wenyewe huliita jiwe la mtego, na katika maboksi mawili ya mwanzo Sinan hakukosea hata nukta.

Huku nako simu kati yao zilikuwa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nnakula. Mchuzi wa papa."

"Na mawe yangu?"

"Yanapikwa, roho yangu. Yakiiva ntakwita."

Lilipofika boksi la tatu, Sinan alikuwa ameshasema atakuja kuposa. Nouf alilishika jiwe la mtego, akaliangalia, akalirudisha kwenye droo. Mtu niliyemwambia nampenda, alijiuliza, namtegea vipi? Hapo ndipo alipoharibu, masikini, tena kwa moyo mweupe.

Kwenye kikao, Bi Lujain, mkuu wa kampuni, alipekua karatasi taratibu.

"Nouf binti yangu, boksi la tatu, jiwe la mtego liko wapi?"

"Sikulitia."

"Na aliyepima si ndo huyo mposaji wako?"

Nouf aliinamisha kichwa.

"Majibu haya siwezi kuyapeleka kwa wenye mtaji. Nnakupa siku kumi. Zikipita, mgodi wanauchukua wengine."

Alimpigia Sinan akiwa ndani ya gari, akitaraji kubembelezwa.

"Nilikuamini, Sinan. Ndo maana nikautoa mtego."

"Nani kakwambia nnataka utolewe?"

"Nilikuheshimu!"

"Umenivunjia heshima. Miaka saba watu wananitegea na mie napita. Jina langu ndo hilo, sina jingine. Sasa watasema nimepitishwa na mchumba."

Simu ikakatwa. Nouf alilia mpaka wanja ukamchuruzika, kisha akamkasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu alikiri moyoni kwamba Sinan alisema kweli, na kukiri huko kuliuma kuliko kulia.

Alitoa nusu za mawe yale yale alizokuwa amezihifadhi, akazipa namba mpya, akazigawa mafungu mawili yanayofanana. Moja lilikwenda maabara nyingine, moja Ansab, bila hata salamu. Na safari hii kila fungu lilikuwa na mitego mitatu.

Siku ya tisa majibu yalikuja, ya maabara zote mbili yakilingana. Mitego yote mitatu Sinan alikuwa ameipatia. Chuma kilikuwa pungufu kidogo kuliko alivyosema muuzaji, lakini kingi, safi, cha kutegemewa. Bi Lujain alivua miwani.

"Mgodi mzuri huu. Mzuri hata ukisemwa ukweli."

Jioni ile simu ya Nouf ililia.

"Mitego mitatu, Nouf? Bi Lujain kanambia. Mitatu!"

"Umekasirika?"

"Nimefurahi mpaka nimeona haya. Nilikukatia simu, mpenzi. Nisamehe."

"Na mie nisamehe. Nilidhani kukupenda ni kutokuuliza."

Sinan alishusha pumzi. "Ijumaa mama anakuja kwenu na posa. Mwambie baba aniulizie kila mahali. Kazini, msikitini, kwa majirani, hata kwa mke wa ami aliyenilea, yule asiyenipenda. Asimwache mtu."

"Baba ameshaulizia."

"Lini?"

"Juzi. Tena alianza kwa huyo huyo mke wa ami yako."

"Kasema nini?"

"Kasema unakoroma, mbishi, na chai yako haishi sukari. Na kasema toka udogo wako hajakusikia ukisema uongo hata siku moja."

Nouf alimsikia akivuta kamasi, akajifanya hakusikia.

"Ijumaa njooni mapema," alisema. "Sukari ntanunua."