Ni Nani Anamfulia Zedekiah?

Hebu niambie, dada: mchumba wako akikataa kabisa umfulie nguo za kazi, wewe utafikiri nini?

Mwelu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Zedekiah kule Waithaka, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mche wa sabuni. Mwaka ulikuwa wa sabini na nne.

— Ovaroli iko wapi nifue?

— Imebaki kazini.

— Na shati?

— Pia.

— Nani anakufulia, Zedekiah?

Zedekiah Were, jitu refu la kutoka Siaya, akaanza kumenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

— Wacha hayo maneno, Mwelu. Kaa tunywe chai.

Chai yenyewe haikunyweka.

Jumatatu, kwenye duka la Ngara walikoshona sare za shule, rafiki yake Nzula alicheka karibu ameze kifungo.

— Mwanamume akikataa kufuliwa na wewe, ujue anafuliwa kwingine!

— Na sigara ameacha. Mimi nimemwomba mwaka mzima, hataki. Sasa ghafla, hagusi hata kiberiti!

— Wuui! Huyo mwanamke ana nguvu, tumpatie heshima yake.

— Baba alimngoja Krismasi aje kuposa, akamngoja Pasaka. Kuku wakafugwa, wakanenepa, tukawala wenyewe. Kila mara ana udhuru.

Kufua na sigara angevumilia. Lakini kwao Kangundo watu walikuwa wameanza kuuliza kama huyo mchumba yuko kweli ama ni wa kuota.

Ijumaa jioni akaomba simu ya duka, akapiga karakana ya kule chini karibu na mto, ambako Zedekiah alikata kwa msumeno mabamba ya asbesto, yale ya kijivu ya kuezekea nyumba.

— Halo? Nipe Zedekiah.

— Anaoga, akajibu bawabu.

— Anaoga kazini?

— Ndiyo, mama. Annah hamruhusu kutoka bila kuoga.

Simu ikamponyoka.

— Yuko Annah!

— Chukua mkasi, akasema Nzula. Hapana, wacha mkasi. Twende.

Waliteremka mbio, tepu za kupimia zikiwaning'inia shingoni. Kwenye mfereji wa karakana wakamkuta Zedekiah, nywele zinachuruzika maji. Kando yake, bibi kizee mwenye pengo alikuwa akizamisha ovaroli ndani ya ndoo kwa fimbo.

— Annah yuko wapi? Mwelu akafoka.

— Si ndiye unamwona? akajibu bibi kizee. Na wewe bila shaka ni Mwelu. Simama huko mbali na vumbi, mwanangu.

Nzula akageukia ukuta, mabega yakamtetemeka kwa kicheko.

— Shikamoo, mama, Mwelu akanong'ona. Miguu ilitaka kukimbia, lakini alikuwa ameshafika.

— Marahaba. Mume wangu Tobias alifanya kazi hapa. Alirudi nyumbani mweupe kama mtu wa posho mill aliyejaa unga. Mimi nakung'uta nguo, watoto wanapiga chafya, sote tunacheka. Kumbe lile vumbi lilikuwa linamwingia mapafuni. Daktari akaniambia ni kansa, na asbesto ndiyo iliileta. Na sigara juu yake, akasema, ni mafuta ya taa juu ya moto. Basi nilipomzika nikaapa, kijana wa hapa hatapeleka vumbi hili kwa mke. Nguo naloweka kwanza, sikung'uti tena.

Mwelu akamtazama Zedekiah.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ningeanzia wapi? Nilipigwa picha ya kifua, iko safi. Lakini daktari anasema ugonjwa huu hujificha, hata miaka thelathini. Nisimame mbele ya baba yako, mzee Kisilu, nimwombe binti, halafu nimwache mjane?

— Kwa hiyo Krismasi...

— Ndiyo.

— Na Pasaka?

— Ndiyo, Mwelu.

— Nikalia mpaka macho yakafura kama maandazi, kumbe mke mwenzangu ni nyanya mwenye ndoo!

Annah akacheka mpaka akashikilia mfereji.

— Kijana, Mungai yule fundi wa mbao wa Woodley si anakutaka kazini kwake?

— Ananitaka, mama. Lakini analipa kidogo. Mzee Kisilu atasemaje?

— Kidogo cha mtu mwenye afya ni kingi. Muulize Mwelu, wacha kumuuliza Kisilu ambaye hayuko hapa.

Zedekiah akafuta uso kwa kiganja.

— Mwelu, unataka nini?

Siku zile msichana hakutamka neno “nataka”. Mama yake alimfundisha kungoja aulizwe, kisha akiulizwa atazame chini. Mwelu akamtazama machoni.

— Jumatatu uende kwa Mungai. Na hiyo miaka unayoiogopa, iwe mitano, iwe hamsini, naitaka yote. Nataka unioe, Zedekiah.